Vijidudu Vifuavyo Sumaku: Faida Yake kwa Tabibu na Hadhari kwa Watu wa Nyumbani

Likitajwa jina la bakteria katika nyumba zetu, mara moyo hushtuka. Mama hukumbuka kuhara kwa mtoto, baba hukumbuka kifua kikuu, na wazee wa nchi ya kati, toka Dodoma mpaka Singida, hukumbuka homa ya papasi, ugonjwa uliomvizia mtu alalaye chini katika nyumba ya tembe. Khofu hiyo ina msingi wake, wala hatuji kuiondoa. Lakini si haki kuihukumu jamii nzima kwa makosa ya baadhi yake. Miongoni mwa vijidudu hivyo lipo kundi liishilo katika tope la maziwa na mito, nalo limejaaliwa ufundi wa ajabu: hula chuma kilichoyeyuka majini, na ndani ya miili yao hukifua kikawa vijiwe vya sumaku. Leo matabibu wa ulimwengu wanajaribu kuvitumia vijiwe hivyo kuuona uvimbe wa saratani uliojificha, na kuuchoma pasipo kumchoma mgonjwa.

Tumeona yafaa kuieleza khabari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni elimu yenyewe, maana kuyatazama maumbile kwa makini ni katika shukrani. Ya pili ni kwamba neno "sumaku" limekwisha ingia sokoni. Huuzwa bangili za sumaku, mikanda ya sumaku, na hata nyayo za viatu, na wauzaji husema zatibu kila kitu toka mgongo hata uvimbe. Mwenye nyumba asiyejua mpaka ulipo baina ya elimu na biashara hupoteza fedha, na lililo baya zaidi, hupoteza wakati. Katika maelezo yetu tutamfikiria khasa msomaji aliye Kinampanda, huko Iramba katika mkoa wa Singida. Mtu wa mji mkubwa akikosea shauri, hospitali i karibu naye. Lakini mtu wa Kinampanda kila kosa humgharimu safari.

KUTOKA PAPASI HATA TOPE LA ZIWA

Mjerumani Robert Koch, aliyekitambua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, si mgeni katika nchi yetu. Alifika Dar es Salaam mwaka 1897, akarudi tena mwaka 1905. Katika safari hiyo ya pili aliwachunguza papasi waliokuwa wakikaa katika vibanda vya njia za misafara, akaviona ndani yao, na hata ndani ya mayai yao, vile vijidudu vilivyojisokota mfano wa parafujo, viletavyo homa. Hospitali ya Serikali ya Kijerumani iliyojengwa ufukoni Dar es Salaam katika zama zile ndiyo leo Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, ambayo tangu mwaka 1996 ni taasisi yenye kujitegemea. Basi tazama mzunguko wa mambo: pale ambapo zamani bakteria walitazamwa kama adui tu, leo hutibiwa ugonjwa ambao huenda siku moja bakteria wengine wakasaidia kuuponya.

Hao wengine waligunduliwa kwa macho ya subira. Mwaka 1963 daktari mmoja wa Kitaliani, Salvatore Bellini wa Chuo Kikuu cha Pavia, alikuwa akichunguza maji kwa hadubini. Akaona baadhi ya bakteria wote wanaogelea kuelekea upande mmoja, kana kwamba wameamrishwa. Alipoleta sumaku karibu, wakageuka kwa pamoja. Aliandika aliyoyaona kwa lugha yake, lakini maandishi hayo hayakutoka nje ya taasisi yake, na ulimwengu haukuyasikia kwa miaka mingi. Mwaka 1975 Mmarekani Richard Blakemore, akichunguza tope la pwani karibu na Woods Hole, aliliona jambo lile lile bila ya kujua khabari za mwenzake, akalitangaza katika jarida kubwa la sayansi. Toka hapo elimu hii ikaenea.

Walipopasua siri ya bakteria hao kwa hadubini ya nguvu zaidi waliona ndani ya kila mmoja mstari wa vijiwe vyeusi vilivyopangwa kama shanga za tasbihi. Vijiwe hivyo ni magnetaiti, yaani ile ile namna ya madini ya chuma ambayo kwayo watu wa kale waliijua sumaku. Ukubwa wa kila kijiwe ni baina ya nanomita 35 na 120. Ili msomaji apate kukisia, unywele mmoja wa kichwa una unene wa nanomita elfu 80 hivi. Kwa hiyo yaweza kupangwa vijiwe mamia mengi, na vilivyo vidogo hata zaidi ya elfu moja, bega kwa bega, kuukata unywele huo kwa upana. Na kila kijiwe kimefunikwa kwa utando mwembamba wa mafuta na protini, mfano wa kokwa ndani ya ganda lake.

KWA NINI KIUMBE HUYU AHITAJI SUMAKU?

Manahodha wa pwani yetu wajua faida ya dira: ulipo ukungu na nyota hazionekani, sindano humwonyesha njia. Bakteria huyu naye yumo gizani. Hapendi hewa nyingi ya oksijeni, wala hapendi kuikosa kabisa. Makao yake ni pale kati, karibu na uso wa tope, ambapo oksijeni inakwisha. Akiyumba-yumba huku na huku katika maji atachelewa kufika. Lakini mistari ya nguvu ya sumaku ya dunia, isipokuwa karibu na ikweta ya sumaku, haikulala sawasawa na ardhi bali huinama. Basi bakteria, kwa mstari wa vijiwe ulio ndani yake, hulazwa juu ya mstari huo wa dunia kama sindano ya dira. Kazi yake ni kupiga mkia tu, naye hushuka moja kwa moja kunako makao yake. Hata akifa, mwili wake hubaki kuelekea upande ule ule, ishara ya kwamba anayegeuzwa ni chuma kilichomo ndani yake.

Hapa pana neno lituhusulo sisi. Katika nchi za kaskazini, kama Marekani, bakteria hawa huogelea kuelekea kaskazini, maana huko ndiko chini. Wanazuoni wakauliza: je, kusini ya dunia, ambako mistari imeinama kinyume? Mwaka 1980 Blakemore na wenzake walionyesha kwamba wale wa New Zealand na Australia huogelea kuelekea kusini. Mwaka 1981 wakachunguza tope la Fortaleza katika Brazil, mahali palipo karibu na ikweta ya sumaku, wakawakuta wa namna zote mbili karibu sawa kwa idadi. Sasa, katika Afrika ya Mashariki ikweta hiyo ya sumaku haipiti Kenya wala Uganda, bali hupita mbali kaskazini, katika Ethiopia. Kwa hiyo Tanzania nzima iko upande wa kusini wake, na Kinampanda imo.

Tunataja haya tukijua kuwa Kinampanda kuna chuo cha ualimu, na chini ya nyanda za juu za Iramba, upande wa magharibi, kuna Ziwa Kitangiri na mbuga za Wembere zenye tope jingi. Mwalimu wa sayansi apendaye kuwaonyesha wanafunzi wake jambo hili hahitaji mali nyingi. Achukue chupa kubwa ya kioo, atie tope la ziwa au la bwawa na maji ya hapo hapo juu yake, aifunike bila ya kuikaza, aiweke mahali pasipopigwa na jua kwa siku kadhaa. Kisha aegemeze sumaku ubavuni mwa chupa, juu kidogo ya tope. Aache nusu saa au zaidi. Avute tone la maji mahali pale pale penye sumaku, alitazame kwa hadubini. Ageuze sumaku upande mmoja, kisha upande wa pili. Wakiwamo, atawaona wakigeuka wote pamoja, kama jamaa waliosikia mwito mmoja. Wakikosekana katika tone la kwanza, ajaribu tope la mahali pengine. Kazi hii yataka subira. Na tahadhari: tope la maziwa yetu huenda likawa na kichocho, basi asiingie mtoto majini, wala asiguse mtu maji hayo kwa mkono mtupu.

TABIBU AVITAKIA NINI VIJIWE HIVI?

Matumizi yanayotafutwa ni matatu: kuona, kuchoma, na kubeba.

Kwanza, kuona. Wengi wamekwisha sikia mashine ya MRI, ile iliyo mfano wa pipa kubwa ambamo mgonjwa hulazwa. Haitumii mionzi kama eksirei. Hutumia sumaku yenye nguvu zipitazo sumaku ya dunia zaidi ya mara elfu 30, pamoja na mawimbi ya redio, kuchora picha ya ndani ya mwili. Mara nyingine picha haimpambanui vizuri mgonjwa na mzima, yaani nyama yenye ugonjwa na nyama iliyo salama, ndipo mgonjwa hudungwa dawa ya kuifafanua. Chembe za chuma zaweza kufanya kazi hiyo, kwani mahali zinapokusanyika huonekana kama doa jeusi katika picha. Marekani iliruhusu chembe za namna hiyo, zilizotengenezwa na wanakemia, kwa kutazama ini mwaka 1996, ingawa dawa hiyo baadaye iliachwa kutengenezwa. Vijiwe vya bakteria vina sifa ya ziada: vimelingana kwa ukubwa na umbo, na katika utando wake yaweza kutiwa alama ya kuutafuta uvimbe. Mwaka 2017 wataalamu wa Ufaransa walieleza jinsi walivyowabadili bakteria ili watoe vijiwe vyenye alama kama hiyo, nao kwa vijiwe hivyo wakauona uvimbe wa ubongo wa panya katika MRI.

Pili, kuchoma. Seli za saratani hazistahimili joto vizuri. Zikifikishwa nyuzi 42 hadi 46 hudhoofika au hufa. Taabu ni kuupasha joto uvimbe peke yake. Chembe za sumaku zikidungwa ndani ya uvimbe, na mgonjwa akawekwa katika nguvu ya sumaku inayogeuka-geuka mara laki moja na zaidi kwa sekunde, chembe hizo hupata joto, na nyama ya jirani husalimika. Njia hii iliruhusiwa katika Ulaya mwaka 2010 kwa uvimbe wa ubongo, kwa chembe zilizotengenezwa na wanakemia. Mwaka 2011 Edouard Alphandéry na wenzake wa Ufaransa walijaribu vijiwe vya bakteria kwa panya waliopandikizwa saratani ya matiti ya binadamu. Vijiwe vilivyobaki katika mstari wake wa shanga vilienea vizuri ndani ya uvimbe, na katika baadhi ya panya uvimbe ulitoweka kabisa.

Tatu, kubeba. Hapa hutumiwa bakteria mwenyewe akiwa hai. Katikati ya uvimbe mkubwa damu haifiki vizuri, na oksijeni ni kidogo. Dawa nazo hushindwa kufika. Lakini tumekwisha eleza kuwa bakteria huyu hupenda mahali penye oksijeni kidogo! Mwaka 2016 Sylvain Martel na wenzake wa Montréal, Kanada, waliwafungia bakteria hao vifuko vidogo vya dawa, takriban 70 kwa kila mmoja, wakawaongoza kwa sumaku ndani ya panya mwenye uvimbe. Kiasi kilichofika hata asilimia 55 ya bakteria waliodungwa karibu na uvimbe kiliingia katika sehemu zile zenye upungufu wa oksijeni. Sumaku iliwaelekeza, na maumbile yao yakawamalizia njia.

TUSIWE NA HARAKA

Msomaji mwangalifu ameona kwamba kila tulipotaja vijiwe vya bakteria tumetaja panya. Ndiyo hali ilivyo. Mpaka tunapoandika haya hapana dawa ya vijiwe vya bakteria iliyoruhusiwa kutibia binadamu katika hospitali. Vikwazo ni vingi. Bakteria hawa hukua polepole, nao ni wagumu kulishwa katika maabara, na kupata gramu moja ya vijiwe kwahitaji lita nyingi za bakteria. Ganda la bakteria lina sumu iwezayo kumletea mtu homa kali na hata kuishusha damu yake kwa khatari, basi sharti vijiwe visafishwe mpaka sumu hiyo isisalie. Na kila kiingiacho mwilini lazima kijulikane kitatokaje, au kitakaa wapi. Tumeyataja haya ili mtu akija mlangoni kwako na chupa, akasema ni "dawa mpya ya bakteria wa sumaku", umjue kuwa ni mwongo.

Na bangili je? Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walitangaza matokeo ya jaribio la wagonjwa 70 wa baridi yabisi waliovaa kwa zamu bangili za sumaku, za shaba, na za bandia zisizo na nguvu. Bangili za sumaku hazikuonekana kuzizidi zile za bandia katika kupunguza maumivu wala uvimbe. Akili nayo yakubali. Wauzaji husema sumaku huvuta chuma kilichomo katika damu. Lakini chuma cha damu kimefungwa ndani ya chembe nyekundu kwa namna isiyovutwa kama msumari. Lau kingevutwa hivyo, mtu aingiaye katika MRI asingetoka mzima, maana nguvu yake yaishinda bangili kwa mbali sana. Tena joto lile la kuchoma uvimbe hutokana na sumaku inayogeuka-geuka kwa kasi. Sumaku ya bangili imetulia tu mkononi, wala haina kitu cha kupasha ndani ya mwili.

Si gharama ya bangili ituhuzunishayo, maana fedha hurudi. Fikiri khabari ya mama wa Kinampanda aliyeona donge katika titi lake. Akivaa mkanda wa sumaku miezi sita akingoja liyeyuke, donge halimngoji. Njia yake ya haki yaanza katika zahanati iliyo karibu, yaendelea Kiomboi, penye hospitali ya wilaya, kisha Singida, penye hospitali ya rufaa ya mkoa. Ikihitajika picha ya MRI, iko katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 2015, mwendo wa kilomita 240 hivi toka Singida mjini. Ikihitajika tiba ya mionzi, iko Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza. Kila hatua ina nauli yake na siku zake. Basi azianze mapema, donge likiwa dogo kama punje ya mahindi, kabla halijawa kama yai.

MAMBO MATANO YA KUSHIKA

Kwanza: donge lolote lisiloondoka, jeraha lisilopona, damu itokayo pasipo wakati wake, au shida ya kumeza inayozidi, visifichwe kwa haya. Mume amhimize mkewe, na watoto wawahimize wazee wao.

Pili: saratani ya shingo ya kizazi ni miongoni mwa zile ziwauazo zaidi wanawake wetu, nayo ina kinga. Chanjo yake ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu mwaka 2024 hutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mzazi asiwazuie binti zake.

Tatu: aendaye kupigwa picha ya MRI na aseme wazi kama ana chuma mwilini, kama kifaa cha moyo au kipande kilichobaki katika jicho kwa kazi ya kufua vyuma. Avue saa, bangili, hirizi yenye chuma, na pini za mtandio. Sumaku ile hunyakua chuma kwa nguvu ya kujeruhi. Mwanamke na aulize mapema, apate kujiandaa kwa vazi la kumsitiri lisilo na chuma.

Nne: akielezwa kuwa atadungwa dawa ya kufafanua picha, amwambie tabibu kama ana mimba au maradhi ya figo.

Tano: aulizapo mtu kuhusu dawa mpya, aulize maswali mawili: imejaribiwa kwa nani, na nani ameiruhusu? Mwenye dawa ya kweli hachukizwi na maswali hayo.

Bakteria wa tope hakujua kwamba anamtengenezea tabibu chombo; alikuwa akitafuta makao yake tu. Sisi tuliopewa akili yatupasa tujifunze toka kwake bila ya kudharau, na tungoje matunda ya elimu bila ya kudanganywa. Maradhi hayakuachwa bila ya dawa. Nyingine zimekwisha julikana nazo ziko hospitalini, nyingine zingali zatafutwa katika matope. Tuzitumie zilizopo leo kwa wakati wake, na Mwenyezi Mungu awafungulie watafutao zile zilizosalia, awaponye wagonjwa wetu wote. Amin.